Mlima wa Maji, Mlima wa Moto

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kufundisha vinyume anajua kwamba mwanafunzi akiulizwa kinyume cha moto, hujibu upesi: maji. Katika mji wa kale wa Antigua, nchini Guatemala, tulikozuru sisi wazee wanne tuliosoma chuo kimoja cha ualimu, jibu hilo halitoshi. Volkeno mbili zinauelekea mji huo uliojengwa na wakoloni wa Kihispania: Fuego, yaani Moto, na Agua, yaani Maji.

Fuego ulifuka moshi mchana kutwa. Agua ulionekana mtulivu nyuma ya tao la Santa Catalina.

"Mwalimu, wa kuogopwa najulikana," rafiki yangu alitania kwa niaba ya Fuego.

Nikamweleza habari za Septemba 1541. Baada ya mvua kubwa, matope na mawe yaliporomoka kutoka Agua yakaufunika mji mkuu wa awali. Ndipo Antigua ikajengwa karibu na hapo. Fuego nao umeua: Juni 2018 majivu na mawe yake ya moto yaliifukia San Miguel Los Lotes pamoja na watu wake.

Wakaqchikel, wenyeji wa kale, huuita Fuego Chi Q'aq', yaani motoni. Jina la Kihispania halikwenda mbali na maana hiyo. Lakini Hunahpú uliitwa Maji baada ya wageni kuzika watu wao.

Majina mengine kwenye ramani ni matanga ambayo hayajaanuliwa. Anayeyafundisha kama msamiati mtupu huwanyima wanafunzi nusu ya somo.