Likizo Yangu ya Desemba na Ufunguo wa Jumba

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi hudhani kwamba likizo ni wakati wa kula na kulala tu. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka mwezi wa Desemba mwaka 2024, nilipokabidhiwa ufunguo wa jumba moja. Napenda kuwasimulia habari hiyo wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu. Siisimulii kwa sababu nilifanya vizuri. Naisimulia kwa sababu nilikosea, na kosa lile likanifundisha jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote.

Nyumbani kwetu ni Kariakoo, Dar es Salaam, kwa bibi yangu mzaa mama. Wenzangu wa mikoani wasiofika huko wameisikia kwa biashara zake. Jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina na kulilainisha, likawa Kariakoo. Zamani mitaa yetu ilikuwa ya nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele, ambapo wazee walikaa jioni wakazungumza. Siku hizi nyumba nyingi kati ya hizo zimevunjwa yakajengwa maghorofa, na baraza zimekuwa milango ya maduka. Kwa hiyo kijana anayetaka mahali pa kukutana na wenzake hapati kwa urahisi.

Ndiyo maana majumba ya jumuiya ni kitu cha thamani kwetu. Lililo mashuhuri kuliko yote liko Mnazi Mmoja, nalo ni ukumbi ambao watu huuita Anatoglo. Jina hilo ni la George Arnautoglu, tajiri Mgiriki wa mashamba ya mkonge, aliyetoa fedha za kuujenga. Humo, tarehe 17 Aprili 1953, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa katika nyumba ya chama hicho, katika barabara ya New Street ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba. Bibi yangu hupenda kusema kwamba uhuru ulianza kwa watu kupata chumba cha kukaa na kusikilizana.

Jumba nitakalolisimulia si hilo. Letu ni dogo, na jina lake sitalitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu wala si la jumba. Lina chumba kikubwa kimoja, chumba kidogo cha kuwekea vitu, viti vya plastiki sitini, ubao mmoja, na ua wenye mwarobaini. Wakati wa likizo, vikundi vitano vya wanafunzi kutoka shule mbalimbali hulitumia. Kulikuwa na kikundi cha mdahalo, ambacho mimi nilikuwa mmoja wao. Kulikuwa na waimbaji, na watu wa maigizo, na kikundi cha usafi kilichozibua mifereji ya mtaani kila Jumamosi. Kikundi cha tano kilikuwa cha watoto ishirini na watatu waliomaliza darasa la saba. Hao walifundishwa Kiingereza na dada mmoja wa Kidato cha Tano, ili Januari wakiingia Kidato cha Kwanza wasipotee njia, maana huko masomo karibu yote hufundishwa kwa lugha hiyo.

Mama anayelisimamia jumba alikuwa akitafuta mratibu. Nilipokwenda kumwamkia alinitazama akasema, "Mwanangu, nasikia shuleni wewe ni kiranja wa bweni."

"Ndiyo, mama."

"Basi shika ufunguo huu. Panga zamu za vikundi, tunza daftari, na hakikisha viti havipotei."

Siku ile nilirudi nyumbani nikiupiga ufunguo mfukoni ili usikike. Usiku nilikaa mezani, nikachukua karatasi kubwa na rula, nikachora ratiba. Nilitumia kalamu ya rangi mbili. Nilikuwa nimezoea maisha ya bweni: kengele ikilia watu huamka, kengele ikilia watu hula, kengele ikilia taa huzimwa. Nikadhani mji nao una kengele.

Kabla yangu, watoto wa Kiingereza walikuwa wakisoma saa kumi alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni, katika chumba kikubwa. Lakini sisi wa mdahalo tulikuwa na shindano mbele ya wazazi Jumamosi ya wiki ya pili, dhidi ya vijana wa Magomeni, nasi tulitaka saa zile zile. Nikafikiri, "Watoto hawa wako likizo, hawana kazi. Na wasome asubuhi, saa mbili, wakati akili ni mpya." Nikaandika hivyo. Sikumwuliza mtoto hata mmoja, wala dada yule aliyewafundisha. Nilibandika karatasi ukutani, nikasimama mbali kidogo nikaitazama, nikaona imependeza.

Dada yule alipoisoma alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, umefikiria vizuri saa ya watoto?" Nikamjibu kwa sauti ya kiranja, "Dada, ratiba imekwisha kupangwa." Hakusema neno jingine.

Siku ya kwanza ya ratiba yangu walikuja watoto kumi na wanne. Siku ya pili kumi na mmoja. Siku ya nne nilihesabu tisa. Mimi nilishika daftari nikaandika mbele ya majina ya wengine neno moja: utoro. Wakati huohuo mdahalo wetu ulikuwa ukiendelea vizuri alasiri, chumba kikubwa chote ni chetu, nasi tulijaa maneno.

Ijumaa Mama Msimamizi alikuja kukagua daftari. Alipitisha kidole chake juu ya majina polepole, akafika mwisho. Akaniuliza, "Hawa watoto kumi na wanne wote ni watoro?"

"Ndiyo, mama. Hawapendi kusoma."

"Umewauliza?"

Nikainamisha kichwa. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alinirudishia daftari akasema, "Kesho asubuhi, saa mbili ile ile uliyoandika, nenda kawatafute. Mchukue dada yako akuonyeshe njia. Kisha uje uniambie utoro wao ulivyo."

Asubuhi bibi hakupenda nitoke. Ilikuwa ni wiki chache tu tangu ghorofa moja lilipoanguka Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu zaidi ya ishirini, na kila mtu aliyekuwa na jamaa sokoni alikuwa bado na hofu moyoni. Nilimwambia naenda kazi ya jumba. Akanitilia dua, nikaondoka.

Nimekulia Kariakoo, lakini asubuhi ile niliiona kama mgeni. Kutafuta bidhaa na kutafuta mtu sokoni ni mambo mawili. Wanunuzi wa mikoani na wa nchi jirani walikuwa wamefika mapema ili wafunge mizigo yao kabla ya jua kali. Mikokoteni ilipita, wasukumaji wakipiga kelele watu wapishe. Tangu soko kuu lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wauzaji wengi walitawanyika mitaani, basi barabara zilikuwa zimebana kuliko nilivyozikumbuka utotoni. Na katikati ya msongamano ule, mmoja baada ya mwingine, tukawakuta watoro wangu.

Msichana mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo akimenya vitunguu saumu na mama yake. Wengine wawili, ndugu, walikuwa wakilinda meza ya soksi, baba yao amekwenda kuchukua mzigo. Mwingine alikuwa amebeba mdogo wake mgongoni, kwa kuwa mama yake hupika vitafunwa vya asubuhi na hawezi kupika huku amebeba mtoto. Kila tuliyemkuta alimwamkia dada yule kwa furaha. Mimi waliniogopa.

Yule ambaye sitamsahau ni mvulana mdogo wa mwili, aliyekuwa akiuza mifuko mbadala, ile iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwezi wa Juni mwaka 2019. Alikuwa ameitundika mkononi kama nguo zilizoanikwa. Nilimwuliza kwa nini haji darasani. Akaniambia kwa adabu, "Kaka, asubuhi ndiyo biashara. Alasiri wateja wamekwisha kwenda, ndipo mama huniruhusu. Fedha hii ni ya sare zangu za Januari."

Dada akamwuliza kama bado anakumbuka alichofundishwa. Akatoa mfukoni kipande cha boksi, kimekunjwa mara nne. Kilikuwa kimejaa maneno ya Kiingereza, mengine yameandikwa kombo. Akaeleza kwamba akipata mteja mwenye sura ya upole humwomba amfundishe neno moja, kisha huliandika. "Nikifika Kidato cha Kwanza," alisema, "sitaki kuchekwa."

Wasomaji wapenzi, neno lile lilinichoma. Mimi mwenyewe nilipoingia Kidato cha Kwanza niliulizwa swali kwa Kiingereza, nikasimama. Jibu nililijua, lakini nililijua kwa Kiswahili. Nikakaa kimya nikitazama dawati, darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo sikunyosha mkono tena mpaka muhula ukaisha. Nilijua vizuri maumivu ya jambo lile. Na mimi, niliyeyajua, nilikuwa nimemfungia mtoto huyu mlango kwa rula na kalamu ya rangi mbili, kisha nikamwandika mtoro.

Jioni ile niliwaita viongozi wa vikundi vyote chini ya mwarobaini. Niliwaambia nimekosea, na kwamba nataka watoto warudi saa kumi alasiri. Msidhani walifurahi. Wenzangu wa mdahalo walikasirika sana, kwani shindano lilikuwa limebaki wiki moja. Nahodha wetu alisema, "Wewe ni wetu, kisha watutoa nje?" Waimbaji nao waliona watasogezwa, wakaanza kulalamika kabla sijawagusa. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, tukanyamaza, watu wakaenda kuswali, wakarudi.

Safari hii sikuandika kwanza. Niliuliza kila kikundi mambo matatu: mnahitaji nini hasa, saa gani hamwezi, na kitu gani mnaweza kumwachia mwenzenu. Nikaona ajabu. Waimbaji hawakuhitaji viti hata kimoja, na asubuhi iliwafaa, maana sauti zao haziwasumbui wanaoswali jioni. Watu wa maigizo walitaka nafasi pana tu, na ua uliwatosha siku zisizo na mvua. Kikundi cha usafi hakikuhitaji jumba, kilihitaji pa kuweka majembe. Waliokuwa hawana budi kupata ubao, taa na viti saa kumi alasiri walikuwa watoto peke yao. Sisi wa mdahalo tulitaka chumba kikubwa kwa fahari tu. Mdahalo unahitaji midomo na masikio, navyo hupatikana hata chini ya mti.

Basi tukahamia uani. Siku mbili mvua ilitunyeshea, karatasi zetu zikalowa. Jumamosi ya shindano tulijadili kwamba maisha ya mjini ni bora kuliko maisha ya kijijini, na vijana wa Magomeni wakatushinda wazi wazi mbele ya wazazi wetu. Nahodha wetu hakusema nami siku tatu. Nayataja haya ili mtu asidhani kwamba kutengeneza kosa ni bure. Lazima mtu alipe, na afadhali alipe yule aliyekosea.

Watoto kumi na tisa walirudi. Wanne hawakurudi tena, na mmoja wao sikumwona kabisa ingawa nilimtafuta mara tatu. Jina lake bado liko katika daftari. Nilifuta neno utoro mbele yake, lakini nafasi ile imebaki na alama ya kifutio, na kila nilipofungua ukurasa ule niliiona.

Siku ya mwisho ya masomo, kila mtoto alitakiwa kusimama aeleze kwa Kiingereza jina lake, anakokaa na kazi anayotaka kuifanya akiwa mkubwa. Dada alikuwa ameweka sheria moja tu darasani: anayecheka kosa la mwenzake ndiye atakayefuata kusimama. Yule muuza mifuko alisimama akiwa ameshika kipande chake cha boksi. Alikosea sentensi ya kwanza, akaanza upya, akakosea tena, akaendelea mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Akakaa, uso unang'aa, nami niliyekuwa nimesimama mlangoni na ufunguo nikatazama uani ili wasinione machozi.

Nimeandika haya kwa kuwa hapa shuleni kwetu pia tuna vyama vingi na bwalo moja. Kila Jumamosi tunagombania saa, na sisi viranja aghalabu hupanga kwanza tukauliza baadaye, au tusiulize kabisa. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Tangu likizo ile nimeanza desturi mpya bwenini: kabla ya kuandika jina la mtu katika daftari la makosa, huenda nikamwuliza. Mara nyingi jina haliandikwi.

Ufunguo niliurudisha kwa Mama Msimamizi siku moja kabla ya kupanda basi la kurudi shuleni. Alihesabu viti, vikatimia sitini. Akaniambia, "Mwakani ukija, utaukuta." Nikamshukuru, nikaenda zangu. Safari hii sikuwa na kitu cha kupiga mfukoni.