Jino moja tu la cheni



Juma hili nataka kuwaelezea habari ya pikipiki ya mume wangu, maana ndiyo inayolipa minervali ya watoto wetu mshahara wa mwalimu unapochelewa. Ni Honda ya zamani. Anabeba watu na mizigo kati ya Butembo na Beni, kama kilomita 54 kwenda tu.

Mwaka jana motere ilichoka. Fundi mmoja akaifungua, akaweka pistoni kubwa zaidi iliyotoka kwenye pikipiki ya aina nyingine. Kichwa cha motere nacho akakipeleka kwenye mashine, kikanyolewa kidogo ili nguvu iongezeke. Iliporudi, mume wangu alipiga kiki mpaka mguu ukavimba. Ikiwaka, ilikohoa kwenye kabureta, na mlima wa Kabasha ukaishinda.

Jioni moja ilimkwamisha huko huko. Ninyi mnajua maana ya kukwama njia ile jua likizama. Nilikaa na simu mkononi mpaka saa tatu za usiku, watoto wakiniuliza baba yuko wapi. Alifika juu ya Fuso, pikipiki imelazwa kati ya magunia. Asubuhi akasema, "Tuiuze, hata kwa bei ya chuma."

Nikamwomba twende kwanza kwa kijana mmoja niliyemfundisha hesabu, ambaye leo ana garaji yake. Akanipa kigoda: "Madame, kaa hapa uone mwenyewe."

Akafungua. Ndani ya kichwa cha motere mna chuma chenye vinundu viwili, kinaitwa kamshafti. Kinundu kimoja kinafungua supapu ya kuingiza hewa na mafuta, kingine supapu ya kutoa moshi. Cheni ndogo inakizungusha kutoka chini. Tulihesabu meno: gurudumu la chini 16, la juu 32. Kwa hiyo motere ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kumbe ni hesabu ile ile ninayoandika ubaoni!

Kwenye volanti kuna alama ya T, inayoonyesha kwamba pistoni iko juu kabisa. Hapo alama ya gurudumu la juu lazima itazamane na alama ya kichwa. Lakini kichwa kikinyolewa, kinashuka, cheni inalegea, na kamshafti inachelewa kidogo sana, kama unene wa uzi. Fundi wa kwanza aliona kasoro hiyo ndogo, akaitengeneza kwa kurukisha cheni jino zima. Jino moja kati ya 32 ni digrii 11 na robo juu, na chini ni mara mbili yake, digrii 22 na nusu. Supapu ya kuingiza ikawa inafunguka mapema mno, pistoni ikiwa bado karibu. Kijana akanionyesha juu ya pistoni alama kama mwezi mwembamba. Supapu ilikuwa imeigonga, na yenyewe ikapinda.

Akaweka supapu mpya, akarudisha cheni kwenye jino lililo karibu zaidi na alama. Kisha akaniuliza kama nina udongo wa kuchezea wa watoto wa darasani. Nilikuwa nao kwenye mfuko. Akabandika kipande juu ya pistoni, akafunga kichwa, akazungusha motere kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Akafungua tena, akakata udongo kwa wembe na kupima pale supapu zilipobonyeza. Alitaka usipungue milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa moshi. Ulitosha. Ndipo akafunga kabisa, akapima mwanya wa supapu, akapiga kiki. Ya pili ikawaka.

Wamama, siku ya kwanza mimi nilibaki nyumbani, nikisema motere ni mambo ya wanaume. Lakini usiku ule wa Kabasha haukuwa wa mume wangu peke yake. Pikipiki inayolisha nyumba yako ikifunguliwa, nenda ukae kwenye kigoda, uulize kwa heshima mambo matatu: Alama zote mbili zimekaa mahali pake? Umezungusha kwa mkono mara mbili kabla ya kupiga kiki? Na kama pistoni au kichwa vimebadilishwa, umepima nafasi ya supapu? Motere ikikataa kuzunguka kwa mkono, isilazimishwe. Kuna kitu kinagongana.

Fundi mzuri hatakasirika. Wetu alifurahi, akaniomba nimwachie udongo uliobaki.