Jina la Dawa

Jumanne, 10 Juni 2025

Doto amefika. Barakoa, miwani myeusi, mtandio hadi kwenye nyusi. Stendi ya Nyegezi nilimjua kwa mwendo tu. Kwenye daladala kimya, mpaka tumeipita Igoma ndipo akaninong'oneza, "Kulwa, ukiniona usipige kelele."

Sikupiga. Nimefunga mlango wa chumba, akavua kimoja kimoja. Chini ya macho vifuko viwili, cha kushoto kikubwa zaidi, jicho lenyewe limebaki dogo. Mdomo wa juu umevuka mpaka wake. Upande wa kulia kuna kidonge kigumu, ukikigusa kinateleza, ukubwa wa punje ya dengu.

Uso huo ni wangu pia. Tumezaliwa nao wawili.

Amelala sasa, kaugeukia ukuta. Mama nimemwambia ana mafua.

Jumatano, 11 Juni

Mafua hayajafika hata saa nne. Mama kaingia bila hodi, kamshika kidevu. "Ng'wanone, nani kakupiga?" Doto kalia. Mama naye kalia, kisha kainjika maji ya moto amkande. Nimekataa. Kitu tusichokijua hatukikandi. Mama kanuna, sasa hivi hanisemeshi.

Nimemuuliza Doto: wamekuchoma nini? Filler. Filler gani? Filler tu, ya Korea. Jina lake? Hajui. Chupa? Ilitupwa palepale. Macho kwa sindano, mdomo kwa ile kalamu isiyo na sindano, inayosukuma dawa ndani kwa presha. Mchomaji si daktari wala muuguzi. Ana kozi fupi na cheti ukutani.

Dukani kwangu hata panadol ina jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Hiki kimeingia chini ya jicho la mtu, na hakina hata jina! Mikono inanitetemeka ninavyoandika.

Usiku huohuo. Nimesoma mpaka bando limekata. Filler nyingi ni asidi ya hayaluroniki. Mwili wenyewe unayo, kwenye ngozi na kwenye maungio. Viwandani wanaikaza ili isiyeyuke upesi. Marekani waliruhusu ya kwanza Desemba 2003. Hiyo ina dawa ya kuiyeyusha. Silikoni haina, ikiingia ni kisu tu, na hata kisu hakiitoi yote. Kalamu zile nazo, mamlaka ya dawa ya hukohuko Marekani ilishaonya watu wasizitumie, Oktoba 2021. Oktoba 2021! Na bado zinauzwa.

Kama ni silikoni... sitaki kuandika.

Alhamisi, 12 Juni

Tumempigia mchomaji, hapokei. Doto kaandika, mimi nasoma begani kwake: "Hatudai hela. Tunaomba jina la dawa." Tiki zimegeuka bluu. Kimya.

Jioni dada mmoja kaja dukani kuulizia sindano za kung'arisha uso. Nimemwambia siuzi, kibali changu hakiruhusu, na hata kingeruhusu nisingeuza. Kacheka, kaenda zake. Mzuri, ngozi nyororo. Nilitamani nimwite Doto atoke amuone. Nikajizuia. Uso wa ndugu yangu si bango la matangazo.

Jirani yetu kaona dirishani. "Si alitaka uzuri?" Ndiyo, aliutaka. Kuna ubaya gani? Macho yetu yameingia ndani tangu utotoni, kila anakofika kikazi anaulizwa kama anaumwa. Amechoka kuulizwa. Mimi huku Kisesa wamenizoea. Yeye Dar anakutana na watu wapya kila siku.

Ijumaa, 13 Juni

Mjini, hospitali kubwa. Foleni ndefu. Doto hajavua miwani hadi jina lake limeitwa.

Daktari mwanamke, mpole, lakini maswali ya mwanzo kayauliza harakaharaka. Unaona vizuri? Kuna maumivu makali? Ngozi iliwahi kuwa nyeupe ghafla, au mabaka ya zambarau? Hapana, hapana, hapana. Kashusha pumzi. Kumbe dawa ikiziba mshipa wa damu ngozi inakufa, na mshipa ukiwa wa jicho mtu anapofuka. Hapo hata saa moja haingojwi. Sisi tumekaa nyumbani tangu Jumanne. Namshukuru Mungu.

Kambonyeza taratibu, anatafuta joto, anatafuta usaha. Hakuna. Kisha ultrasaundi, ileile ya wajawazito, ila kichwa chake kidogo. Kwenye kioo viduara vyeusi vyenye kingo safi. Silikoni, kasema, ingeonekana weupe uliotapakaa hadi unafunika kila kilicho nyuma yake.

"Hii inaelekea kuwa hayaluroniki."

"Inaelekea?" Doto kauliza.

"Inaelekea, dada. Ningepata boksi lake ningekujibu kwa uhakika."

Dawa ya kuyeyusha inaitwa hayaluronidesi. Ipo kwa watu wa macho! Wanaichanganya na ganzi wakipasua mtoto wa jicho, ganzi isambae vizuri. Dawa niliyodhani itabidi iagizwe ng'ambo, kumbe iko korido ya pili. Tumeambiwa Jumatatu.

Jumatatu, 16 Juni

"Umewahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili mzima, ukakosa pumzi?" Tumetazamana. Kwenye mizinga ya babu tuliumwa wote wawili, tukavimba pale pale tu. Sumu ya nyuki nayo ina kimeng'enya hichohicho, ndiyo maana daktari anauliza.

Kwanza jaribio. Tone dogo chini ya ngozi ya mkono, kisha kusubiri. Sijawahi kuutazama mkono wa mtu namna ile. Haukuvimba, haukuwasha.

Chupa ndogo, unga mweupe, yuniti 1,500. Akauyeyusha kwa maji ya chumvi. Halafu kanigeukia mimi: "Na wewe njoo ukae hapa, karibu naye." Kanishika kidevu, kanigeuza dirishani kwenye mwanga, kaangalia chini ya macho yangu, kisha ya Doto, kisha yangu tena. Kachora kwa kalamu kwenye uso wa Doto. "Hapa ndipo tunaporudi." Wengine wanaleta picha. Doto kaleta mtu mzima.

Kaeleza kila kitu kabla ya kuchoma. Anaanza na kidogo, kuongeza ni rahisi. Dawa inaweza kugusa hata ile ya asili, macho yakaonekana yamezama zaidi kwa muda. Doto kasema, "Yazame tu." Sindano nyembamba, mara hapa, mara pale, machozi yanamtoka pembeni lakini hatikisiki. Vidole vyangu vimekufa ganzi alivyonibana.

Mwisho daktari kaandika kwenye daftari la kliniki: jina la dawa, namba ya toleo, kiasi, sehemu. Mistari minne. Dakika ngapi zile? Hata moja haikuisha.

Jumanne, 17 Juni

Kavimba zaidi. Michubuko. Tuliambiwa, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Mama kasimama mlangoni, "Mmeona sasa?" Mchana wote napanda na kushuka kati ya duka na chumba. Unaona vizuri? Unaona? Hadi Doto kanifukuza.

Alasiri cha kushoto kimeanza kushuka. Kwa kweli kimeshuka. Au ni mwanga?

Alhamisi, 19 Juni

Si mwanga. Kimeshuka kabisa!

Redio za mtaa mzima ni daraja tu, Rais kalizindua leo Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa. Wateja wanahadithiana usiku waliolala wakisubiri feri, wagonjwa, maiti, mizigo ya samaki. Nafurahi nao, halafu nakimbia ndani kumtazama Doto.

Kumbe ana jingine. Kipaji cha uso walimchoma botoksi, ndiyo maana nyusi ya kulia imelala. Hakuniambia wala hakumwambia daktari! Nimefoka. Kisha nimempigia daktari: hiyo haina cha kuiyeyusha, inakwisha yenyewe, miezi mitatu hadi minne. Jicho likifunga kuna matone. Halijafunga. Basi tutangoja. Nimemuomba Doto radhi kwa kufoka, kasema hakusikia, alikuwa anajitazama kwenye kioo.

Jumapili, 22 Juni

Sikukuu ya Bulabo. Ngoma za Bujora zinasikika hadi dukani, vumbi, watu, pikipiki. Doto katoka. Bila barakoa! Mtandio tu, na poda kidogo juu ya michubuko. Mama mdogo kakutana naye getini: "Wewe Kulwa au Doto?" Karudi mbio kunisimulia, kasimulia mara mbili, na mama akaombwa aje asikilize. Mama kacheka. Maji yake ya moto yamesamehewa.

Kidonge cha mdomo bado kipo. Kimelainika, hakijaisha. Tunarudi tarehe 30.

Saa moja usiku ujumbe umeingia. "Pole mpenzi, njoo nikurekebishie bure." Nilitaka nijibu mimi. Doto kaninyang'anya simu, kaandika mwenyewe: "Siji. Siku ile tulikuwa wanne kwenye benchi. Nitumie jina la dawa."

Saa tatu picha imekuja, boksi limepigwa kwa pembeni. Hayaluroniki. Nimenakili jina lote na namba ya toleo kwenye daftari la kliniki, chini ya mwandiko wa daktari. Wa pili kwenye benchi Doto anayo namba yake, kashamtumia. Wawili waliobaki anawatafuta kesho, kuna mmoja alisema anakaa Tabata.