Sauti ya jana isipigwe kama ya leo

KAMANGO – Katika studio ya radio moja ndogo ya jamii hapa usultani wa Watalinga, wilayani Beni, kuna kompyuta ambayo haizimwi ila umeme unapoisha. Kazi yake ni kunasa kila kinachosemwa hewani, saa baada ya saa. Anayeiangalia ni fundi wa sauti, kijana mwenye watoto wawili, ambaye wasikilizaji wengi hawajawahi kumsikia. Yeye hasemi kwenye maikrofoni. Kazi yake ni kuamua sauti gani irudiwe na ipi isirudiwe.

Watu hudhani kazi hiyo ni ya kubonyeza tu. Hata yeye alidhani hivyo, mpaka asubuhi moja mama mmoja alipofika mlangoni na godoro kichwani.

Mama huyo ni mhamaji. Alikuwa amejihifadhi upande wa Nobili na watoto wake watatu, akingoja hali itulie arudi kwenye shamba lake la kakao. Alfajiri ile alisikia radioni sauti ya afisa mmoja wa jeshi akisema kwamba njia imefunguliwa na wakulima wanaweza kurudi mashambani. Akafunga godoro, akawashika watoto mkono, akaondoka. Saa mbili hazijaisha akakutana na watu wanakuja mbio, wakitoka kule kule alikokuwa anakwenda. Akageuka pamoja nao. Hakwenda kwanza kutafuta mahali pa kulala. Alikuja moja kwa moja studio.

– Papa, mulisema njia ni salama, alimwambia fundi. Mulisema leo asubuhi.

– Mama, ile sauti ni ya wiki tatu zilizopita.

– Mimi nitajua namna gani? Sauti haizeeki.

Fundi alikosa la kujibu. Alimpa kiti, akawatafutia watoto maji, kisha akarudi kwenye kompyuta kutafuta kilichotokea. Usiku betri za jua zilikuwa zimeisha nguvu. Jua lilipopiga paneli asubuhi, kompyuta iliamka yenyewe, na programu ya kupanga vipindi ikaanza kupiga vipande vilivyokuwa kwenye dosie la kujazia, lile linalotumika mtangazaji anapochelewa. Humo mlikuwa na nyimbo, matangazo ya chanjo, na kipande kimoja kilichoitwa « komanda mupya 2 ». Kikapigwa. Hakuna aliyedanganya. Afisa alisema kweli, lakini ilikuwa kweli ya siku ile aliyoisema.

Kwa mtu wa Kamango, habari ya njia ni habari ya uhai. Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF walishambulia mji huu, na katika siku chache zaidi ya watu 60 000 walivuka mpaka kuingia wilaya ya Bundibugyo, Uganda. Wengine walipoanza kurudi, shambulio lingine likaja tarehe 25 Desemba mwaka ule ule, siku ya Noeli. Tarehe 22 Machi 2014, mashua iliyobeba wakimbizi Wakongomani waliotoka kambi ya Kyangwali ilizama katika ziwa Albert, na zaidi ya watu 200 wakafa maji. Walikuwa wanarudi nyumbani. Kwenye barabara ya Mbau-Kamango, karibu na daraja la Semuliki, askari wa kulinda amani 15 kutoka Tanzania waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Desemba 2017. Kila familia hapa imewahi kupima maneno mawili: turudi au tungoje. Na mara nyingi kipimo chake ni radio, kwa sababu simu haina chaji na jirani naye hajui.

Fundi anapoeleza kazi yake kwa vijana wanaokuja kujifunza, huanza na mpira. Kila mmoja wao ameangalia mechi za Ulaya katika vibanda vya video. Huwaambia kwamba nyuma ya kamera kuna mashine ya marudio. Mashine ile hunasa picha bila kusimama, na ikijaa hufuta za mwanzo na kuandika mpya juu yake. Anayeiendesha huweka alama pale tukio linapoanza na pale linapoisha, na kipande hicho huhifadhiwa kisifutwe. Kisha huwauliza: kabla ya kurudisha goli, runinga inaonyesha nini? Vijana hujibu wote pamoja: nembo inapita haraka kwenye kioo. Ndiyo. Nembo ile inamwambia mtazamaji kwamba hili ni goli lile lile, wala timu haijafunga la pili.

– Sisi hatuna kioo, huwaambia. Nembo yetu ni mdomo.

Tangu siku ya godoro, hakuna kipande kinachoingia kwenye kompyuta ile kwa jina la « audio 1 » wala « mpya » wala « ya mwisho ». Jina linaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mstari, la zamani kwanza na la karibuni mwisho. Baada ya tarehe linafuata jina la mahali, kisha nani amesema, kisha jambo lenyewe kwa maneno mawili. Mwisho kuna siku ya kuacha kukipiga. Tangazo la chanjo linaweza kukaa mpaka kampeni iishe. Tangazo la njia, la soko kufunguliwa au la askari kufika mahali, linakufa jioni ya siku ile ile. Likihitajika kesho, aliyelisema anapigiwa simu na kuulizwa upya. Asipopatikana, halipigwi. Na dosie la kujazia sasa lina nyimbo tu.

Lakini jina la faili halisikiki hewani. Kwa hiyo alifanya jambo la pili: mwanzoni mwa kila kipande cha habari anabandika sauti ya mtangazaji ikisema siku na mahali yaliposemwa maneno yanayofuata. Haibaki pembeni kama maelezo. Inaunganishwa ndani ya kipande chenyewe, isiweze kuachwa. Sababu aliiona kwenye simu. Wasikilizaji hurekodi radio na kurushiana kwa WhatsApp, na kipande kikifika Butembo au ng'ambo ya mto Lamia, jina lake la kwanza limeshapotea.

Kwa video hatari ni kubwa zaidi. Kwenye simu nyingi, video iliyopokelewa kwa WhatsApp huhifadhiwa kwa jina lenye tarehe ya siku ilipopita WhatsApp, hata kama ilipigwa miaka mitatu nyuma, mahali pengine kabisa. Mtu anaifungua, anaona tarehe ya leo, anapiga kelele. Fundi huletewa video za namna hiyo kila wiki, watu wakitaka sauti yake itolewe na kupigwa hewani. Huuliza maswali manne kabla ya kuigusa: nani alipiga, alikuwa amesimama wapi, siku gani, na nani mwingine alikuwepo? Kisha hutazama kile ambacho hakisemi uongo kirahisi: barabara ni kavu au ina matope, kakao imekomaa au bado, mlima Ruwenzori uko upande gani wa picha. Anayeleta akijibu « nilitumiwa tu », kazi inaishia hapo.

Kosa lake la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Mzee mmoja alikuja kuomba sauti ya mdogo wake, kiongozi wa kijiji, ambaye aliwahi kuongea katika kipindi cha moja kwa moja kuhusu mipaka ya mashamba. Mdogo wake alikuwa ameuawa. Familia haikuwa na picha yake nzuri. Zilibaki ndani ya nyumba walipokimbia. Walitaka watoto wamsikie. Fundi alitafuta siku nzima. Kompyuta ilikuwa imejaa, ikafuta saa za zamani na kuandika mpya, kama ilivyopangwa. Hakuna aliyeweka alama ya mwanzo na mwisho.

– Tunayo sauti ya komanda aliyehama, mzee alisema, lakini ya mtu wetu hamkuitunza.

Maneno hayo yalizaa dosie jingine, linalonakiliwa kwenye disiki ya nje kila Jumamosi na kuwekwa katika nyumba nyingine, mbali na studio. Humo zinaingia sauti za wazee wanaoeleza mipaka, nyimbo za Kitalinga, na mazungumzo ya watu wa kawaida ambao hakuna mahali pengine walipoandikwa. Hazipigwi kila siku. Zinangoja atakayeziulizia.

Na lipo dosie la tatu, la kutafutana. Katika eneo letu la Maziwa Makuu kazi hii ina historia. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, jina linalomaanisha yule anayeunganisha familia, na majina ya waliopotezana yakasomwa hewani. Studio ndogo ya Watalinga haina nguvu hiyo, lakini inafuata kanuni moja: tangazo la mtoto aliyepotea halina siku ya kuacha. Linaondolewa tu mtu anapokuja kusema amepatikana, au familia yenyewe inapoomba liondolewe. Kila linaporudiwa, mtangazaji husema tarehe ya kwanza lilipopigwa. Wasikilizaji wengine huona uchungu kusikia tarehe ya zamani. Fundi anasema tarehe hiyo ina faida: mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati ule leo ana tisa, na anayemtafuta kwa macho lazima atafute wa miaka tisa.

Mama wa godoro bado yuko Nobili. Siku hizi akisikia habari ya njia, hungoja kwanza siku itajwe. Mwanawe mkubwa amejifunza kuirudia kwa sauti kabla mtangazaji hajamaliza, kama mchezo. Mama humnyamazisha, husikiliza mpaka mwisho, kisha huenda kumuuliza mtu aliyetoka kule leo. Hata fundi mwenyewe humwambia afanye hivyo. Radio ikitangaza njia bila kutaja tarehe, msikilizaji asifunge mzigo. Apige simu studio aulize: hayo yamesemwa lini?