Hadi Arusha kwa gari la umeme: Safari iliyotufunza kusema 'naomba'

"MTALALA njiani nyinyi!"

Hivyo ndivyo jirani yetu mtaani Donholm, Nairobi, alivyotuaga asubuhi moja ya Agosti mwaka 2025, alipotuona tukipakia mablanketi, chupa za maji na waya mrefu mweusi katika buti ya gari letu dogo la umeme. Alikuwa akicheka, nasi tukacheka naye. Lakini msomaji, jirani yule alisema kweli. Tulilala njiani. Na lau hatungalilala, labda nisingekuwa na la kukusimulia leo.

Tulikuwa watu watano. Mume wangu alishika usukani, mimi nikakaa kando yake, na nyuma yetu alikuwa mama yangu, mwenye umri wa miaka 72, akiwa amebanwa na wajukuu wake wawili, msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka minane. Tulikuwa tukienda kumwona mama mkubwa, dada yake mama, anayeishi Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha, Tanzania. Mama mkubwa ana miaka 76, na mwaka huo alikuwa amelazwa hospitalini mara mbili. Ndugu hawa wawili hawakuwa wameonana tangu mwaka 2016.

"Nipelekeni nikamwone nikiwa bado naweza kutembea, naye akiwa bado anaweza kunitambua," mama alituambia.

Kutoka Nairobi hadi Arusha ni kama kilomita 270. Kwa basi ni safari ya saa sita hivi, pamoja na shughuli za mpakani. Lakini magoti ya mama hayawezi tena kukunjwa ndani ya basi kwa muda wote huo. Na gari tulilo nalo ni hili, ambalo lilitumika Japan kabla ya kufika kwetu. Betri yake hubeba uniti 40 za stima, na ikijaa hutupeleka kilomita 220 hivi tukiwa na watu na mizigo. Hesabu hiyo hata mtoto wangu wa Gredi ya Tatu aliweza kuifanya: 270 haiingii katika 220.

Jijini Nairobi vituo vya kuchaji magari vipo, vingine katika maegesho ya maduka makubwa. Katika barabara ya Namanga tuliamua kutotegemea kituo chochote. Tulibeba chaja yetu ya kuchomeka katika soketi ya kawaida, ile ile ya kupigia pasi. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Huingiza kama uniti mbili kwa saa, kwa hivyo kujaza betri iliyokwisha huchukua mchana kutwa na usiku pia. Basi tukakata shauri kwenda Namanga siku ya kwanza, kilomita 165, tulale huko tukichaji, kisha tumalize zilizobaki kesho yake.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Baada ya kupambana na malori ya Mlolongo na Athi River, kisha msongamano wa Kitengela, nchi ilifunguka. Mume wangu aliweka mwendo wa kilomita 80 kwa saa na kukataa kuuongeza, kwa maana gari hili likikimbizwa hunywa betri kama ngamia aliyefika kisimani. Matatu zilitupita zikipiga honi. Watoto walijitungia mchezo wa kuchungulia asilimia ya betri kila tulipopanda au kuteremka. Ukiondoa mguu katika mteremko, magurudumu huzungusha mota na kurudisha stima kidogo katika betri. Asilimia moja iliporudi, walishangilia kana kwamba Harambee Stars imefunga bao.

Baada ya Isinya, binti yangu aliuliza ile milingoti mirefu ya chuma ilikuwa ikienda wapi. Huko, nikamweleza, kunaanzia njia kuu ya umeme ya volti 400,000 inayotoka Isinya, inapita Namanga na Arusha hadi Singida, zaidi ya kilomita 500. Ilianza kupitisha umeme Desemba 2024, na sasa Kenya na Tanzania zinaweza kuuziana stima.

"Kwa hivyo stima inavuka mpaka bila pasipoti," akasema mvulana wetu.

Mama alitabasamu, lakini hakusema neno. Tangu tupite Kajiado alikuwa amenyamaza.

Tulifika Namanga saa saba na nusu mchana, betri ikiwa imebaki asilimia 26. Namanga ni mji wa mpakani ulio chini ya mlima Ol Doinyo Orok. Malori husimama kwa mistari, na kina mama wa Kimaasai hukuzunguka na shanga kabla hujafungua mlango. Tulienda katika nyumba ya wageni ya kwanza. Mume wangu akamwambia mhudumu, "Tunataka vyumba viwili na mahali pa kuchaji gari." Jibu lilikuwa kwamba gari hilo litamaliza tokeni za wiki nzima. Tukajaribu ya pili, tukajibiwa vivyo hivyo.

Katika ya tatu, mama alishuka mwenyewe, akajikongoja hadi kwa mwenye nyumba aliyekuwa akichambua mboga barazani. Alimwamkua, akamuuliza habari za watoto wake, kisha akasema, "Mwanangu, naomba utusaidie. Tunaenda kumwona mgonjwa Arusha, na gari letu linakula stima."

Yule mama alicheka hadi akaweka sufuria chini. "Gari linakula stima? Haya, lilete tulione."

Tulipatana kama watu wazima. Tuliandika namba ya mita kabla ya kuchomeka, tukakubaliana kulipa Sh35 kwa kila uniti, na mume wangu akanunua tokeni za mwanzo kwa simu yake. Saa nane mchana gari lilikuwa likichaji kando ya dirisha la jikoni, huku madereva wawili wa malori na mlinzi wa Kimaasai wakilizunguka na kuuliza injini iko wapi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi saa tatu usiku, stima ilipopotea mji mzima.

Nakiri kwamba nilikasirika. Nilimwona mama mkubwa akitungoja, nikaona aibu ya kukwama barabarani Longido. Kulikuwa na giza totoro, simu zilikuwa zimeanza kuishiwa na moto, televisheni ilikuwa imezima. Mwenye nyumba alileta taa ya mafuta na birika la chai. Tulikaa barazani, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Hapo ndipo mama alipofungua kinywa.

Alituambia kwamba dada yake aliolewa Arusha mwaka 1974, na karani aliyefanya kazi katika makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Shemeji yake alipoteza kazi, na barua zikawa za kubahatisha.

Mwaka 1980 baba yao alifariki. Familia ilipeleka tangazo la kifo katika redio, Sauti ya Kenya, ikitumai kwamba mawimbi yangevuka pale watu walipozuiwa. Mama mkubwa alilisikia akiwa jikoni Arusha. Alipanda lori hadi Namanga ya upande wa pili, akamsihi askari. Hakuwa na kibali. Mama naye alikuwa amekuja hadi Namanga ya upande huu akiwa na kanga ya dada yake ya kuvaa matangani. Alingoja siku mbili. Hawakuonana. Aliirudisha kanga ile nyumbani, na mazishi yakafanyika.

"Nilingojea pale," mama alisema, akionyesha gizani kuelekea barabarani. "Wakati huo hapakuwa na nyumba hizi zote."

Binti yangu alimuuliza kwa nini hajawahi kutusimulia. Mama alifikiri kidogo. "Tangu mpaka ufunguliwe nimepita hapa mara nyingi, lakini kwa basi. Basi halingoji mtu. Unapigiwa muhuri, unapanda, unakwenda."

Nina umri wa miaka 38 na ninaishi kwa kuwauliza watu maswali. Hilo sikuwahi kumuuliza mama yangu.

Stima ilirudi saa nane usiku. Kulipopambazuka betri ilikuwa asilimia 78, na mita ilionyesha tumetumia uniti 24. Tulilipa Sh840, na mwenye nyumba akatufungia mandazi ya njiani ambayo alikataa kulipwa.

Mpakani hapakuwa na taabu kubwa. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, unashughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili katika jengo moja lililo upande unakoingia. Tulikuwa na pasipoti, kadi za chanjo ya homa ya manjano, kitabu cha usajili wa gari na bima ya Kadi ya Manjano inayotambuliwa Tanzania. Kilichotuchelewesha ni fomu iliyouliza ukubwa wa injini. Afisa aliinama chini ya boneti, akainuka, akatutazama. "Sasa mimi niandike nini hapa?" Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na mwishowe akaandika sifuri.

Ng'ambo ya pili, gari letu lilijiona liko nyumbani. Tanzania, kila penye kijiji kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa, na askari wa barabarani wenye kamera hawana mzaha. Wenye magari makubwa walinung'unika, lakini sisi mwendo huo ndio tulioutaka.

Tulisimama Longido kununua vinywaji. Mvulana wetu aliingia dukani akasema, "Nipe soda." Muuza duka, mzee mpole, hakuinuka. "Mwanangu, huku tunasema naomba soda." Mtoto alirudi mlangoni, akaingia upya, akaamkia na kuomba. Alipewa soda na peremende juu yake. Nilitazamana na mume wangu, kwa sababu sote tulikumbuka nyumba mbili za wageni kule Namanga na neno "tunataka".

Kutoka hapo barabara hupanda taratibu kuelekea mabega ya Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566. Asilimia zilianza kuporomoka na watoto wakaacha kushangilia. Tulizima kipoza hewa, tukafungua madirisha. Tulipoupita mji wa Oldonyo Sambu na kuanza kuteremka, betri ilikuwa asilimia 27. Tulipoingia uani kwa mama mkubwa ilikuwa 25.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mwembe, amevaa sweta mbili. Mama alishuka bila kungoja kushikwa mkono. Walikumbatiana kwa muda mrefu bila kusema lolote, kisha mama mkubwa akauliza, "Mbona mmechelewa?" Mama akajibu, "Tulilala Namanga." Mama mkubwa alinyamaza kidogo, akamshika mkono. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi.

Siku tatu tulizokaa, gari lilichajiwa kwa LUKU tuliyonunua ya TSh15,000, ambayo ni uniti 42 hivi. Watoto walijifunza kwamba kule nyanya ni za kupikia, na mzazi wa mama huitwa bibi. Wakati wa kurudi tulilala tena kwa yule mama wa Namanga, kwani kutoka huko hadi Nairobi barabara hupanda, na hatukutaka kubahatisha.

Je, ni nafuu? Nitakuambia ukweli. Stima ya kwenda na kurudi ilitugharimu kama Sh3,500, ilhali petroli ya safari hiyo, kwa bei ya zaidi ya Sh180 kwa lita mwaka huo, ingepita Sh8,000. Lakini vyumba viwili kwa usiku mbili vilimeza akiba yote hiyo.

Kama nawe unafikiria safari ya namna hii, usitumie betri hadi tone la mwisho. Panga kufika ukiwa na angalau robo. Beba waya wa kurefushia ulio mnene na uukunjue wote unapochaji, kwani waya mwembamba uliokunjwa hupata moto na unaweza kuunguza nyumba ya watu. Hakikisha soketi ina waya wa ardhini na haijalegea. Usisahau pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kizima moto, ambavyo askari wa Tanzania huviulizia. Soma mita mbele ya mwenyeji wako, kabla na baada, ili pasiwe na ugomvi. Na kabla ya kuchomeka popote, omba.

Tulipofika Donholm, jirani yetu alikuwa kwenye lango. "Si niliwaambia mtalala njiani?"

"Tulilala," mama akamjibu kabla sijafungua kinywa. "Na Desemba tutalala tena pale pale."