Breki Kuukuu katika Mji wa Vilima

Mgeni aingiaye Kampala kwa gari hutambua upesi kwamba mji huu ni wa kupanda na kushuka. Wenyeji husimulia kuwa ulijengwa juu ya vilima saba, ingawa leo umekwisha kuvifunika vilima vingine vingi. Kila kimoja kina sifa yake: Namirembe pana kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga pana la Wakatoliki, Kibuli pana msikiti, na Mengo pana ikulu ya Kabaka. Kutoka kilima hiki kwenda kile hapana budi kuteremka bondeni, na bondeni ndiko walikojaa watu: wachuuzi, teksi za abiria, bodaboda na watoto waendao shule. Kwa hiyo, katika mji huu, breki si jambo la fundi peke yake. Ni jambo la nyumba nzima.

Hayo niliyajua kwa kuyaona. Nilitoka Bukoba, nikapita Mutukula na Masaka, nikimpeleka mama yangu mzazi kwa dada yangu akaaye Namirembe. Gari langu ni la siku nyingi, na njiani breki zililia mara moja moja nami nikajifanya sisikii. Asubuhi ya pili, tulipokuwa tukiteremka kuelekea mjini, zilitoa sauti ya chuma kusagana, na pedali ikazama kuliko desturi yake. Gari lilisimama, lakini hatua chache tu kutoka kwa mama mmoja aliyejitwika mkungu wa ndizi. Mama yangu hakusema neno. Alikuwa amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na kimya chake kiliniuma kuliko makemeo.

Chini ya kilima hicho, upande wa Nakivubo, liko soko la Kisekka, mashuhuri kwa vipuri vya magari. Tulikwenda huko polepole, kwa gea ya kwanza. Mpwa wangu, kijana apendaye magari, alikuwa na shauri lake.

“Mjomba, tusinunue pedi tu. Tutafute diski kubwa za gari lenye nguvu zaidi, upate breki za kisasa.”

Nakiri kwamba shauri lile lilinivutia. Mtu aliyetishika hutamani kitu kikubwa. Lakini fundi tuliyemkuta, mtu mzima wa maneno machache, alifungua magurudumu kwanza. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha kabisa, diski zimechimbika mifereji, na mafuta ya breki yamekuwa meusi.

“Ssebo,” aliniuliza kwa adabu ya Kiganda, “zilipokuwa mpya, breki hizi zilikusimamisha vizuri?”

“Vizuri sana.”

“Basi ugonjwa wake ni uchakavu, si udogo.”

Kisha akatufafanulia. Breki hugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Diski kubwa hubeba joto jingi zaidi, na hiyo ndiyo faida yake kwa gari lenye mizigo mizito au liendalo kasi sana. Lakini kinacholisimamisha gari barabarani ni mpira wa tairi. Ikiwa breki zako zina nguvu ya kuyakaza magurudumu yasizunguke, kuongeza ukubwa wake hakutafupisha sana mwendo wa kusimama. Aidha, diski kubwa huenda isienee ndani ya rimu ya zamani, na huweza kudai silinda nyingine ya kusukuma mafuta. Na mizani ya breki za mbele na za nyuma ikiharibika, magurudumu ya nyuma yakatangulia kukaza, gari huweza kugeuka ghafla njiani.

Kuhusu mafuta alisisitiza zaidi. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, ndipo pedali huzama mteremkoni.

Nikaamua. Tulinunua diski mbili na pedi za mbele za kipimo kile kile, zote mpya, kwa maana pedi iliyokwisha kutumika si akiba bali ni deni. Mafuta yakabadilishwa yote na hewa ikatolewa. Gharama yake ilikuwa chini ya nusu ya shauri la mpwa wangu.

Msomaji, likikufika jambo kama hili, jiulize kwanza: je, breki zangu zimechakaa, au tangu mwanzo hazikutosha kwa kazi ninayozipa? Zikiwa zimechakaa, zirudishie afya yake, na daima badili pedi za magurudumu yote mawili ya ekseli moja. Mteremkoni tumia gea ndogo ili injini isaidie kulizuia gari. Wala usingoje chuma kilie, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku ya kurudi tuliteremka Namirembe kwa utulivu. Katika kioo nilimwona mama ameweka mikono yake mapajani.