Korongo la Ol Njorowa

Tukirejea pwani kutoka kwa jamaa zetu wa Butula, tulifuatana na watoto wao, ambao hawajui mto ila ule upitao taratibu kando ya mashamba ya miwa. Tukatua Naivasha, kwenye mbuga ya Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, jina tusilolipenda. Wamaasai huliita korongo lake Ol Njorowa. Kuta zake zimechongwa na maji, na humo hububujika chemchemi za moto. (Maji hayo yafaa kwa udhu, yakiwa moto mno, kwetu Mashafii ni makuruhu mpaka yapoe.)

Lakini hatukuteremka. Mwongozaji alitazama mawingu ya nyanda za juu, akatikisa kichwa. Tulipokuwapo jua liliwaka, na mabinti wakanung'unika kuwa kiingilio kimekwisha lipwa. Tukawaeleza kwamba Aprili 2012 watu saba wa msafara wa kanisa, na Septemba 2019 wageni wengine, walichukuliwa humo na mafuriko ya ghafla. Mvua hunyesha mbali, maji yakaja hapa, na baina ya kuta zile hapana pa kukimbilia.

Tukakaa juu ukingoni, tukala maandazi, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Hadi tunaondoka, halikuanguka tone. Mabinti walilisema hilo mpaka Mtito Andei.